Nyumba ya kijijini isiyokula umeme: shughulikia paa kabla ya sola

Wanaonijia kutaka ushauri wa kujenga kijijini huanza kwa kuuliza wanunue paneli ngapi. Mimi huwauliza paa litakaaje. Nyumba iliyochorwa vibaya inadai feni mchana kutwa na taa saa nane mchana, na hapo betri haitoshi hata uifanyeje. Hatua hizi ni za maeneo ya joto, karibu na ikweta. Penseli, karatasi na futi vinatosha.

Hatua ya 1: Tafuta mashariki

Usitegemee dira ya simu, maana nondo na mabati yakiwa karibu huipotosha. Simika kijiti wima mahali tambarare, kisha uchore duara kukizunguka. Asubuhi weka alama pale ncha ya kivuli inapoingia ndani ya duara, na alasiri weka nyingine inapotoka. Mstari unaounganisha alama hizo unakwenda mashariki–magharibi. Urefu wa nyumba uufuate, ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Kuta hizo ziachie stoo na bafu, si dirisha la chumba cha kulala: jua la saa kumi na moja liko chini mno, upenu hauwezi kulizuia.

Hatua ya 2: Kuta

Penye ukavu na usiku wa baridi, jenga kwa matofali mazito ya udongo wa kushindilia. Ukuta wa sentimita 30 huchelewesha joto la mchana kwa saa nyingi, likafika ndani wakati nje kumeshapoa na madirisha yako wazi. Penye unyevunyevu, ambako usiku nao ni wa joto, ukuta mnene unakuwa mzigo. Huko jenga ukuta mwepesi wenye madirisha makubwa.

Hatua ya 3: Paa

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Bati lililopigwa na jua la mchana halishikiki, na joto lake halingoji kubebwa na hewa: bati hulirusha moja kwa moja chini. Ndiyo maana ukikaa chini ya bati lisilo na dari utosi unawaka hata mlango ukiwa wazi.

Foili ya kung'aa huakisi zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la kurushwa, ila kwa sharti: uso unaong'aa utazame uwazi wenye hewa. Mafundi wengi huitandaza juu ya papi (mbao za kupigilia bati), mng'ao ukiwa juu, kisha wanapigilia bati papo hapo. Uso huo ukishagusana na bati, joto linapita tu kwa kugusana, na pesa ya foili imekwenda bure. Simama hapo fundi anapofanya kazi hii.

Foili ipite juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na *chini* ya papi, mng'ao ukitazama chini, upande wa dari; uso unaong'aa hurusha joto kidogo sana. Papi zenyewe zitaacha nafasi kati yake na bati, na uso wa chini hautuamiwi na vumbi. Ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi. Alfajiri bati hutoa jasho, na matone yale yanahitaji njia ya kutiririka juu ya foili hadi nje ya ukuta. Foili ikikatwa kabla ya kuvuka ukuta, utaona plasta inaota madoa na utadhani paa linavuja.

Bado hewa ya moto juu ya dari inahitaji pa kutokea. Acha matundu chini ya upenu pande zote mbili, na uinue kidogo kofia ya paa (bati la kufunika kileleni) ili hewa itokee juu. Matundu yote yafungwe wavu, la sivyo popo watahamia. Kama kofia inaelekea upande wa mvua ya upepo, kunja ulimi wa bati ndani yake. Upenu wenyewe utokeze sentimita 60 hadi 90. Na kama bati bado halijanunuliwa, chukua jeupe.

Hatua ya 4: Hewa

Kila chumba kiwe na matundu mawili kwenye kuta tofauti, moja likiwa juu.

Hatua ya 5: Sola

Sasa hesabu matumizi ya siku moja. Taa 4 za LED za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 140. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu 2 ni kama 30. Jumla 390. Gawanya kwa saa 4 za jua kali, kisha kwa 0.7 kufidia upotevu: unapata wati 139, hivyo paneli ya 150. Kwa akiba ya siku mbili unahitaji wati-saa 780. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo itabidi iwe ya 1,560. Mimi napendekeza ya lithiamu, ambayo huvumilia kushushwa zaidi, hivyo ya 1,000 inatosha.

Paneli isilale juu ya bati. Iinue angalau sentimita 10, kwa sababu paneli nyingi hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 ya joto inayozidi 25. Iinamishe nyuzi 10 au zaidi, mvua iioshe vumbi.