Kabla hujaenda kumwona ndugu yako gerezani Marekani: Kiswahili hakifichi kitu

Mama mmoja Mrundi niliyewahi kumsindikiza alisafiri saa sita kwa gari kwenda kumwona mwanawe katika gereza la shirikisho, yaani la serikali kuu ya Marekani. Alikuwa na pasipoti, alikuwa na picha za wajukuu, na alikuwa amepika. Mlangoni akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha ya wageni. Hakuna aliyemfokea. Jina halikuwepo, basi. Chakula tulikila ndani ya gari, kando ya barabara, tukageuza. Tangu siku hiyo, kila familia inayoniomba niwe mkalimani wake naianzia hapohapo: safari ya kwenda gerezani huanza wiki kadhaa kabla, na anayeianzisha ni mfungwa mwenyewe.

Yeye ndiye anayetaja watu anaotaka waje. Gerezani hupewa fomu, anawatumia, kila mmoja anaijaza, anatia saini na kuirudisha kwa uongozi wa gereza. Kisha majina yanachunguzwa. Wazazi, mke au mume, watoto na ndugu wa kuzaliwa naye hupita kwa urahisi zaidi. Marafiki na jamaa wa mbali hufikiriwa pia, ila marafiki hawazidi 10 kwa kawaida, na wanatakiwa wawe walifahamiana naye kabla hajafungwa. Ukikataliwa, yeye ndiye anayepewa taarifa, kwa hiyo usikae ukisubiri barua.

Hapa lugha yetu inaweza kukuponza. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka, na mama mdogo ni mama, hakuna anayeuliza zaidi. Kwenye fomu hiyo kaka ni yule mliyezaliwa kwa baba au mama mmoja. Andika binamu, andika shangazi, hata kama moyo unakataa, kwa sababu kusema uongo kwenye fomu ya serikali ni kosa linaloshtakiwa. Angalia na majina yenyewe. Wengi wetu tuna jina la baba mahali ambapo Wamarekani wanatarajia la ukoo, na mengine yaligeuzwa tangu kambi za wakimbizi. Lifuate jina lilivyo kwenye karatasi za mahakama, na namba ya mfungwa, ambayo ina tarakimu nane, uitafute kwenye tovuti ya Idara ya Magereza ya Shirikisho.

Fomu hiyo huuliza pia kama wewe ni raia wa Marekani, na kama si raia, hutaka namba yako ya uhamiaji. Mtu ambaye makaratasi yake hayajakaa sawa azungumze na wakili wa uhamiaji kabla hajaweka saini. Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu nimeona watu wakisukumwa na huruma, na huruma haisomi maandishi madogo.

Kuhusu mavazi, acha nguo za khaki na za kijani za kijeshi, maana zinafanana na sare za wafungwa. Nguo inayoonyesha mwili, isiyo na mikono, yenye mpasuo mrefu, au sketi iliyo juu ya goti, hurudisha watu mlangoni kila wikendi. Kofia nazo hukataliwa. Anayevaa hijabu au kilemba kwa sababu ya dini apige simu gerezani mapema aeleze. Gauni la kitenge lenye mikono, lisilobana na linalopita magoti, halijawahi kunipa shida.

Usibebe chakula. Najua kumwendea mtu mikono mitupu ni aibu kwetu, na kwa mahabusu wa nyumbani chakula cha familia ni jambo la kawaida. Huku hakipiti. Magereza mengi huwa na mashine za kuuza vitafunio katika chumba cha wageni, nawe huruhusiwa kuingia na fedha kidogo ndani ya mfuko mwangavu. Uliza kiasi. Pesa taslimu huwezi kumkabidhi mfungwa. Zake hutumwa kwenye akaunti yake, kwa mfano kupitia Western Union. Simu yako iache garini. Kumpelekea mfungwa simu ni kosa la kifungo kinachofika mwaka mmoja. Kitambulisho cha serikali chenye picha ni lazima, na mtoto wa chini ya miaka 16 haingii bila mtu mzima. Viganja vyako vinaweza kupimwa kuona kama vina chembe za dawa za kulevya. Ndani, mnaruhusiwa kukumbatiana mnapokutana na mnapoagana. Katikati ya hapo mnakaa mnaongea, na askari wapo wanatazama.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo familia nyingi hulipuuza.

Mfungwa akikupigia, kabla hujamsikia yeye utasikia sauti ya mashine ikikwambia simu inatoka gereza la shirikisho, kisha utatakiwa kubonyeza namba ili uikubali. Simu hiyo inarekodiwa. Barua pepe zake zinasomwa. Barua za posta za kawaida hufunguliwa. Mahakama za Marekani zimekubali hivyo tangu zamani. Mwaka 1957 mtu mmoja aitwaye Lanza alimtembelea nduguye katika jela ya New York, na maongezi yao yakanaswa kwa siri. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema jela si mahali ambapo mtu anaweza kudai faragha kama aliyo nayo nyumbani kwake. Leo hawahitaji hata kuficha. Tangazo liko ukutani karibu na simu.

Wengi huniambia, "Sisi tunaongea Kiswahili, nani ataelewa?" Ataelewa mkalimani wa serikali, tena akiwa ametulia, anairudia sauti mara tano. Tatizo ni kwamba yeye hatamjua mama yako wala mazoea yenu. Mama akisema "mzigo umefika", anamaanisha unga na vitenge vilivyotoka Dar. Anayetafuta fumbo atasikia shehena. "Dawa umepata?" ni swali la mama kuhusu presha, lakini neno dawa lina mlango wa pili na mnaujua. Sema dawa za presha, neno zima. Acha mafumbo, acha majina ya utani ya watu, acha methali za kuzunguka. Kiswahili kinapenda kusema jambo kwa kupitia uani, na kwenye simu ya gereza uani ndiko wanakotazama zaidi.

Hatari ni kubwa zaidi kabla ya hukumu. Mahabusu bado ana kesi, na mwendesha mashtaka anaweza kuipata sauti ile na kuichezesha mbele ya juri, raia wanaoamua kama ana hatia. "Mwambie fulani asiende mahakamani" ni sentensi fupi inayoweza kuzaa kesi mpya, ya kwako wewe uliyeipokea. Usiulize ilikuwaje. Usimshauri. Usimwunganishe na mtu wa tatu kwenye simu yako, hata kama ni bibi aliye Kigoma anayelia kumsikia mjukuu, kwa sababu simu za namna hiyo haziruhusiwi na atakayeadhibiwa ni mfungwa.

Habari za kesi zina mahali pake, kwa wakili. Hata huko pana mtego. Mfungwa akimpigia wakili kwa simu ile ya kila siku, inarekodiwa kama nyingine. Anatakiwa aombe kwa maofisa simu maalumu isiyosikilizwa. Barua ya wakili hufunguliwa mbele ya mfungwa tu na haisomwi, mradi bahasha iandikwe inavyotakiwa. Barua pepe haina kinga hiyo, hata ikiwa ni ya wakili. Mwulize wakili waziwazi njia anayotumia.

Kuna vitengo maalumu ndani ya magereza ya shirikisho, kama vile Terre Haute kule Indiana na Marion kule Illinois, ambako mawasiliano yanabanwa zaidi. Simu na ziara huko ni kwa Kiingereza, isipokuwa mmeomba mapema lugha nyingine ili apatikane wa kutafsiri papo hapo. Ndugu yako akipelekwa huko, omba Kiswahili kabla ya siku yenyewe, la sivyo mama asiyejua Kiingereza atakaa kimya mbele ya kioo.

Jela za kaunti, yaani za serikali za mitaa, zina taratibu zao, kila moja na zake. Nyingi hutumia kampuni binafsi za simu, na baadhi zimebakiza ziara za video tu, nazo hurekodiwa. Gharama za simu zilikuwa zinafukarisha familia hadi bibi mmoja, Martha Wright, alipoanza kudai haki mwaka 2000 kwa sababu hakumudu kuongea na mjukuu wake. Sheria ya bei hizo, yenye jina lake, ilisainiwa Januari 2023. Uliza bei ya sasa kabla hujaweka pesa.

Kwa Watanzania, ubalozi unapaswa kuarifiwa raia wake akikamatwa, atake asitake. Kwa Wakenya huarifiwa akiomba mwenyewe, basi mwambie aombe. Ofisa wa ubalozi ana haki ya kumtembelea.

Asubuhi ya safari, piga simu gerezani kabla hujawasha gari, maana ziara zinaweza kufutwa ghafla. Na katika simu za kawaida, mstari hukatika dakika ya 15, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Tazama saa. Ikifika dakika ya 13 mpe mtoto simu amuage baba yake.