Namna ya kulitafuta jumba lililobomolewa New York

Usianze na jina la tajiri, anza na kiwanja. Akina Vanderbilt, ukoo wa matajiri wa reli, peke yao walijenga majumba kadhaa kando ya Fifth Avenue, na ukiandika jina lao mtandaoni utaletewa picha za nyumba tofauti zilizochanganywa pamoja. Kila kiwanja cha Manhattan kina namba ya kitalu na namba ya kiwanja, kama ilivyo kwenye hati zetu za nyumbani, na hizo ndizo zitakazokufungulia makabrasha. Andika anwani ya leo kwenye ramani ya mtandaoni ya idara ya mipango miji ya New York, utapewa namba zote mbili.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku, upande wa magharibi wa Central Park. Nikitoka kazini napenda kutembea kabla sijaingia kwenye treni, na macho yangu yako kwenye majina yaliyoandikwa juu ya milango. Namba 11 Riverside Drive kuna jengo la fleti la matofali mekundu linaloitwa Schwab House. Limejaa kitalu kizima, kuanzia mtaa wa 73 hadi wa 74. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza unayotakiwa kuizoea. Mahali ambapo ardhi inagombaniwa hatua kwa hatua, jengo moja kushika kitalu kizima mara nyingi ni ishara kwamba zamani pale palikuwa na mwenye mali mmoja.

Mwenye mali alikuwa Charles M. Schwab, mtu wa chuma: rais wa kwanza wa kampuni ya U.S. Steel, kisha mkuu wa Bethlehem Steel. Alinunua ardhi iliyokuwa na kituo cha yatima, akajenga jumba la vyumba 75 lenye minara, kwa mfano wa makasri ya Ufaransa, likamalizika 1906. Alifariki 1939 akiwa amezama kwenye madeni. Ilipendekezwa jumba liwe makazi ya meya, lakini Meya La Guardia akakataa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 likavunjwa.

Kwa kuwa lilikuwepo bado mwaka 1940, linakupa somo la pili. Kati ya 1939 na 1941 jiji lilipiga picha karibu kila jengo kwa ajili ya kukadiria kodi, na picha hizo ziko mtandaoni bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Jiji. Mtu aliyeko Tanga au Muscat anaweza kuzifungua kwenye simu sawasawa na mimi. Nyingi zina kibao kidogo mbele ya jengo chenye namba ya kitalu na kiwanja. Hakikisha namba za kibao zinalingana na zako kabla hujaamini picha.

Majumba mengi, lakini, yalikwisha kabla ya picha hizo. Seneta William A. Clark, tajiri wa shaba kutoka Montana, alijenga jumba la vyumba 121 kwenye kona ya Fifth Avenue na mtaa wa 77. Lilimalizika 1911, yeye akafariki 1925, na 1927 likabomolewa. Kwa nyumba kama hiyo nenda kwenye ramani za zamani za bima ya moto, ambazo Maktaba ya Umma ya New York imeziweka mtandaoni. Rangi zake zina maana: waridi ni matofali, njano ni mbao. Tafuta umbo kubwa lenye nafasi ya bustani pembeni, kisha linganisha ramani moja baada ya nyingine, kuanzia za miaka ya 1890 hadi za miaka ya 1930. Ukiona umbo moja limegeuka kuwa jengo jingine, umeshapata kipindi cha kubomolewa, na sasa unaweza kusoma magazeti ya miaka hiyo tu badala ya miaka arobaini.

Usiulize tu lini, uliza na kwa nini. Kodi ya mapato ya serikali kuu ilirudi 1913. Bei ya ardhi ya Fifth Avenue ilipanda mpaka nyumba yenyewe, pamoja na marumaru yake yote, ikawa haina thamani mbele ya kiwanja chake. Maduka na hoteli zilikuwa zinapanda kutoka kusini. Warithi wakauza.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kutafuta vipande. Jumba likivunjwa, vitu vyake vizuri huuzwa au hutolewa zawadi, na New York bado vinaonekana. Chukua jumba la Cornelius Vanderbilt II, lililoshika Fifth Avenue kuanzia mtaa wa 57 hadi wa 58, nyumba kubwa kuliko zote za mtu binafsi zilizowahi kujengwa jijini humu. Mjane wake aliiuza 1926, na leo pale pana duka la Bergdorf Goodman. Anzia hapo, ukitazama chemchemi ya Pulitzer iliyo mbele. Sanamu yake ya juu ilibuniwa na mchongaji Karl Bitter, ambaye pia aliichongea nyumba hiyo. Vuka uende hoteli ya Sherry-Netherland, mtaa wa 59, umwombe mlinzi wa mlangoni kwa adabu akuruhusu uone kuta za ukumbi wa mapokezi: michongo ya Bitter iliyotoka kwenye jumba imo humo.

Kisha nenda jumba la makumbusho la Metropolitan, ua wenye paa la kioo katika idara ya sanaa ya Marekani. Pale pana fremu kubwa ya meko ya kuotea moto iliyotoka kwenye jumba hilohilo, kazi ya mchongaji Augustus Saint-Gaudens. Wanawake wawili wa mawe, Amor na Pax, wamebeba boriti kwa vichwa vyao. Simama karibu uone nguo zao zinavyokunjika. Juu yao kuna mozaiki yenye maneno ya Kilatini yanayomkaribisha mgeni anayefika na kumtakia heri anayeondoka. Malizia na lango la chuma la jumba hilo, lililotengenezwa Paris mwaka 1894, ambalo sasa ni mlango wa Conservatory Garden, bustani iliyo ndani ya Central Park, Fifth Avenue na mtaa wa 105. Kuingia ni bure. Lishike kwa mkono wako. Hakuna picha itakayokueleza uzito wa utajiri ule kama chuma hicho.

Ukitaka kujua ndani palikuwaje, tembelea jumba lililopona: la Andrew Carnegie, mtaa wa 91, ambalo ni makumbusho ya Cooper Hewitt, au la Henry Clay Frick, mtaa wa 70. Sheria ya kulinda majengo ya kihistoria ilisainiwa Aprili 1965, miezi miwili tu baada ya jumba la Brokaw, mtaa wa 79, kuanza kubomolewa watu wakiandamana.

Bado kuna hatua moja ambayo wengi huiruka, nami nakuomba usiiruke. Fungua sensa za 1900 na 1910, ambazo utazipata bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukijiandikisha, utafute anwani ya jumba lako. Chini ya jina la tajiri yamepangwa majina ya wapishi, madobi, wahudumu wa meza na yaya, kila mmoja na nchi aliyozaliwa na mwaka aliohamia Marekani. Wengi walitoka Ireland, Uingereza na Sweden. Jumba la vyumba zaidi ya mia moja halijifagii, na sisi tunaofanya kazi ndani ya nyumba za watu tunajua nani hushika funguo. Sensa ya 1900 ilihesabu watu kwa tarehe ya Juni mosi, wakati familia hizi huwa zimeanza kuhamia kwenye nyumba za kiangazi. Ukikuta ukurasa una watu wachache, tafuta jina hilohilo Newport, Rhode Island, ambako Cornelius Vanderbilt II alikuwa na nyumba ya kiangazi iitwayo The Breakers, na huko usome orodha ya wafanyakazi mpaka jina la mwisho. Mwandiko wa makarani hao unasumbua, kwa hiyo kuza picha yenyewe badala ya kutegemea majina yaliyochapwa pembeni.