Kuingiza siagi ya karanga supamaketi: anzia kwenye gunia

Wajasiriamali wengi wanaotaka kuingiza siagi ya karanga supamaketi huanza na lebo. Mimi nawaambia waanze na gunia la karanga, kwa sababu kitu kinachoweza kukuondoa kwenye shelfu hakionekani kwa macho: sumukuvu. Mwaka 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo. Nayaeleza haya kwa ajili ya mzalishaji mdogo wa Tanzania anayetaka mzigo wake upokelewe na uendelee kupokelewa.

Hatua ya 1: Kagua karanga kabla ya kulipa

Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye karanga zilizopigwa na ukame shambani, au zilizoanikwa vibaya na kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Kukaanga hakuimalizi, na kusaga ndiko kunakoisambaza kwenye toleo zima, yaani mzigo wote uliosagwa kwa pamoja. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1, iliyo kali zaidi, isizidi 5. Kwa kopo la gramu 400, hiyo ni mikrogramu 4 tu. Huwezi kuionja wala kuinusa.

Chota karanga za juu, za katikati na za chini ya gunia. Zile za mdomoni huwa zimepangwa zivutie. Zimwage kwenye ungo, uangalie zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Kisha pasua chache. Ukikuta ukungu wa kijivu au wa kijani katikati ya vile vipande viwili, liache gunia hilo hata kama bei ni nzuri. Muulize muuzaji kama karanga zililoweshwa wakati wa kubangua. Wapo wanaozilowesha ili maganda yalainike, na ukungu huota penye unyevu huo.

Ukishakaanga na kuondoa ganda jembamba la ndani, chambua tena mezani penye mwanga wa kutosha. Hapa usiharakishe wafanyakazi wala usiwalipe kwa kilo, kwa sababu sumukuvu haikai sawasawa: punje chache mbovu zinaweza kuharibu toleo zima. Zilizokataliwa zifukiwe au zichomwe. Usimpe mtu akalishie mifugo, maana ng'ombe akila, sumu hupita mpaka kwenye maziwa.

Hatua ya 2: Kila usagaji uwe na namba ya toleo

Fungua daftari moja la uzalishaji. Andika tarehe, magunia yaliyotumika na yalikotoka, kilo zilizoingia, makopo yaliyotoka na duka lililopokea. Namba hiyo hiyo igongwe kwenye kopo. Kisha jipime: chukua kopo lolote stoo uone kama unaweza kurudi mpaka kwa muuzaji wa karanga. Halafu taja gunia moja, useme makopo yake yako maduka gani. Ukikwama njiani, daftari lako bado halijakamilika. Kwangu mimi hili ndilo jambo linalomtofautisha mzalishaji wa kweli na mtu anayejaza makopo.

Hatua ya 3: SIDO, kisha TBS

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Usipoteze muda kutafuta kibali cha chakula TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Ukiwa mjasiriamali mdogo, anza kwa kuchukua barua ya utambulisho SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kwa sababu kuna utaratibu wa kuwapunguzia wadogo mzigo wa gharama. Wakaguzi watakuja kuangalia jengo na watachukua sampuli kwenda maabara. Wafanyakazi wawe wamepima afya na vyeti vyao viwepo hapo hapo. Leseni ya alama ya ubora ni ya bidhaa iliyopimwa; ukianza kutengeneza yenye asali, usiibandikie alama ya ile ya kawaida. Iombee yake.

Hatua ya 4: Lebo na bakodi

Lebo iwe ya Kiswahili, ya Kiingereza au ya lugha zote mbili. Iwe na jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi zaidi, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Andika wazi kwamba ina karanga, na kama mashine hiyo hiyo inasaga ufuta au korosho, liseme hilo pia. Kuna watu wenye mzio ambao kijiko kimoja kinaweza kuwaua. Namba ya bakodi ipate GS1 Tanzania. Zinazotolewa huko huanza na 620. Usinakili ya mtu mwingine.

Hatua ya 5: Faili la mnunuzi

Supamaketi itataka leseni ya biashara, TIN, leseni ya TBS na majibu ya maabara. Majibu yawe ya karibuni na yataje namba ya toleo. Maduka makubwa huuliza pia mpango wa HACCP, yaani wa kutambua na kudhibiti hatari za usalama wa chakula katika kila hatua ya uzalishaji. Andika ule unaoufuata kweli, kwa sababu mkaguzi atawauliza wafanyakazi wako.

Hatua ya 6: Jiandae kurudisha mzigo

Siku toleo likigundulika lina tatizo, itabidi uliondoe madukani haraka. Andaa ujumbe mapema, namba na tarehe zijazwe tu: “Tafadhali ondoeni shelfuni siagi ya karanga ya gramu 400, toleo namba ..., mwisho wa matumizi ... Msiuze, msiharibu, itengeni. Tunakuja kuichukua.” Mtu mmoja awe na jukumu la kuupeleka kwa kila duka, na mwingine awajulishe TBS. Makopo yakirudi, yahesabu kwa kulinganisha na daftari, uyafungie mahali palipoandikwa “YASIUZWE”, na yasiyorudi uyafuatilie duka kwa duka.