Kufungua kituo cha kufundisha kuchua misuli Mwanza: anza na jina

Ukitamka "masaji" pale Kirumba mwaloni, kwenye soko la samaki na dagaa kando ya ziwa, watu wanacheka kabla hujamaliza sentensi, na mmoja atakukonyeza. Mimi hilo lilinigharimu. Kundi langu la kwanza lilikuwa na wanafunzi 9, kwenye nyumba ya kupanga Nyakato, mlangoni pazia zito, nje kibao kimeandikwa MASAJI. Wiki ya tatu mwenyekiti wa mtaa akaja na swali moja: "Wateja wenu wa usiku wanaingilia mlango upi?" Wateja wa usiku hatukuwa nao. Hata wa mchana walikuwa hawajafika. Mwenye nyumba akaturudishia kodi iliyobaki, na wasichana wawili wakakatazwa na wazazi wao kurudi.

Hatua ya 1: jina na mlango. Kazi yenyewe watu wanaijua siku zote. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na kila timu ya mpira ina mchua misuli wake. Basi tumia "kuchua" na "kukanda". Madirisha yawe makubwa, pazia liishie nusu, na saa 12 jioni mmefunga. Kabla ya mteja wa kwanza, mwalike mwenyekiti wa mtaa, mzee wa kanisa na mtu wa msikitini, wakandwe mabega kwenye kiti, na nguo zao mwilini, mlango wazi. Mwenyekiti akiweza kugeuza shingo bila kukunja uso, umepata wa kukutetea.

Hatua ya 2: makaratasi. Kituo ukikiendesha kama shirika lisilo la kiserikali, usajili wake unaongozwa na Sheria Na. 24 ya 2002, na maombi hutumwa kwa Msajili kwa njia ya mtandao. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako ukiwa na rasimu ya katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, wasifu na picha za viongozi. Amua mapema kama unasajili ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, maana ukisajili Ilemela peke yake, halafu ukapata wanafunzi Misungwi, unaanza kuhangaika upya. Usajili huo haukupi ruhusa ya kutoa vyeti vya ufundi stadi; hilo ni la NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Mpaka upate, usiandike "chuo" kwenye kibao. Toa barua ya kuhudhuria tu.

Hatua ya 3: nani afundishwe. Mimi nachukua kwanza wasioona na wenye uoni hafifu, wakiwamo watu wenye ualbino. Si huruma. Japani wasioona wana shule za sindano na kukanda tangu karne ya 17, na mtu aliyezoea kusoma dunia kwa vidole hukuta fundo la msuli haraka kuliko mimi. Kwa mwenye ualbino kuna sababu nyingine: kazi nyingi za kando ya ziwa ni za juani, na hii ni ya ndani. Chupa za mafuta tunazifunga mipira, mmoja ni alizeti, miwili ni nazi. Hakuna anayeuliza rangi.

Ila usalama wao ni kazi yako. Kanda ya Ziwa tunajua kwa nini: huku watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa. Bodaboda awe mmoja mnayemfahamu, watoke jua halijazama. Wafadhili watakuomba picha za nyuso, na kijiji cha mwanafunzi kimetajwa chini yake. Kataa. Wapigie picha mikono.

Hatua ya 4: kitanda. Seremala wa mtaani anatosha. Simama wima, mikono ikining'inia, ukunje ngumi: ngumi iguse juu ya kitanda. Kikizidi hapo mabega ya mkandaji yanakufa, kikipungua, mgongo.

Hatua ya 5: nani asiguswe. Hapa usiharakishe. Kwangu mwanafunzi hashiki mafuta wiki mbili za mwanzo. Anajifunza kuuliza na kukataa. Mwenye homa, hapana. Mguu mmoja umevimba, una joto, unauma kwenye kigimbi: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukisugua, donge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Mwenye selimundu (sikoseli) aliyebanwa na maumivu ya mifupa, na huku kwetu wapo wengi, mpeleke hospitali. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya mgongo aliyeanguka na pikipiki, au anayesema miguu imekufa ganzi na mkojo haushikiki. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma na uso uliovimba ni wa kliniki siku hiyo hiyo. Somo hili mtafute mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya alifundishe, na umlipe. Ukiomba bure, atakuja mara moja.

Hatua ya 6: peleka kiti mwaloni. Mazoezi mazuri hayako darasani. Makuli wanaobeba magunia ya dagaa, kina mama wanaoinama kutwa wakianika, wavuvi waliovuta nyavu usiku kucha: hawa ndio migongo ya kujifunzia. Tulianza bure, kisha tukatoza shilingi 2,000 kwa dakika 15, na foleni haikupungua.

Wahitimu wakiwa tayari, waunde kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Waombe wao, kwa jina la kikundi chao, siyo la shirika lako.

Na shuka nunua za rangi ya kahawia. Mgongo wa kuli wa dagaa na mafuta ya alizeti havitoki kwenye kitambaa hata ukiloweka usiku kucha. Zile nyeupe nilizoanza nazo sasa tunafutia baiskeli.