Matembezi ya theluji Togakushi, Nagano: kuweka nafasi, kuvaa, kutembea na kula

Anayeishi Tokyo, Nagoya au Osaka anaijua baridi ya Japani ya upande mmoja tu: upepo mkavu, anga safi, jua lisilopasha. Theluji yenyewe iko ng'ambo ya milima. Pepo za Siberia huvuka Bahari ya Japani, hunyonya mvuke wa maji yake yenye uvuguvugu, kisha hugonga milima ya Niigata na Nagano na kuumwaga mzigo wote hapo. Kwenye stesheni ya Morimiyanohara, kaskazini mwa Nagano, tarehe 12 Februari 1945 theluji ilipimwa ikafika mita 7.85.

Mkoa huo ndio ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998, ambako Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho kwenye ski za kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mstarini. Viatu vya theluji, yaani fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili usizame, havidai ufundi wa ski. Anayepanda ngazi za ghorofa nne tano bila kukaa chini kupumzika atayamudu matembezi haya.

Kwa mtu wa mara ya kwanza, Togakushi ni chaguo zuri kuliko majina makubwa ya mabango. Iko ndani ya eneo la jiji la Nagano, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Ardhi ya msituni ni tambarare kwa sehemu kubwa, miti inazuia upepo, basi linafika, na chakula chake kinajulikana Japani nzima. Msimu mzuri ni kati ya katikati ya Januari na mwanzo wa Machi. Desemba theluji bado haijafunika vichaka. Mwishoni mwa Machi inakuwa nzito na yenye maji.

Siku ya kuweka nafasi

Matembezi ya nusu siku na mwongozaji kwa kawaida hugharimu kati ya yeni 5,000 na 8,000 kwa mtu. Ya siku nzima yenye chakula cha mchana hupanda hadi yeni 10,000 na zaidi. Uliza kama bei imejumuisha viatu vya theluji, fimbo, buti na bima. Mara nyingi buti na nguo hukodishwa kando.

Mwongozaji atakuomba jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani kwa ajili ya bima, urefu, uzito na saizi ya mguu. Usipunguze uzito kwa aibu. Kiatu cha theluji hubeba mtu kwa upana wake, na kila saizi ina kiwango chake cha kilo. Ukitaja kilo 70 nawe una 95, utazama hadi magoti wakati wenzako wanapita juu.

Saizi ya mguu Japani hupimwa kwa sentimita. Simama umeegemeza kisigino ukutani, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima, kisha ongeza sentimita moja kwa ajili ya soksi nene. Mtu wa namba 44 ya Ulaya huwa kwenye 28 hivi. Hapa ndipo wanaume wengi wa kwetu wanapokwama, kwa sababu buti nyingi za kukodi huishia 28 au 29. Ukizidi hapo, sema mapema, au nunua buti zako zisizopitisha maji zenye shingo inayofunika kifundo. Mikanda ya viatu vya theluji hushika buti za kupandia milima bila shida. Raba za kawaida hazifai hata kwa dakika kumi: theluji inayeyuka juu ya kitambaa, na mguu unaloa kabla hujaondoka kwenye maegesho.

Jambo la tatu la kusema siku hiyohiyo ni chakula. Mapishi ya mlimani huandaliwa kwa idadi ya watu, na ukifika mezani ndipo useme huli nguruwe, mpishi hana la kukupa ila wali mtupu. Kwa Kijapani iandike hivi: “Butaniku to osake wa dame desu. Mirin mo dame desu,” yaani nguruwe na pombe hapana, mirin, pombe tamu ya kupikia, pia hapana. Ukisema nguruwe tu, pombe ya kupikia itabaki ndani ya mchuzi bila mtu yeyote kukudanganya, kwani kwa mpishi wa Kijapani hicho ni kiungo tu.

Mavazi: adui ni jasho

Hofu ya baridi huwafanya watu wetu wavae kila kitu walicho nacho. Baada ya dakika ishirini za kutembea wanatoka jasho jingi, kundi linasimama kutazama alama za sungura, jasho linapoa mgongoni, na kuanzia hapo siku imeharibika. Kipimo cha kukumbuka: ukianza safari ukiwa na kibaridi kidogo, umevaa sawasawa. Ukianza ukiwa na raha, vua kitu kimoja.

Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu laini au ya poliesta ya michezo. Pamba iache nyumbani, pamoja na fulana, soksi na chupi za pamba, maana pamba ikiloa haikauki na hunyonya joto la mwili. Heattech ya kawaida ya Uniqlo, nguo ya ndani ya joto ambayo kila mtu anayo, ina reyoni ndani yake. Inafaa kwenye treni na ofisini, lakini kwa mtu anayetoka jasho hubaki na unyevu. Juu yake vaa fulizi nyepesi, kisha koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Koti nene la manyoya ya bata liwe ndani ya mkoba, la kuvaa mnaposimama kula. Jinzi hapana kabisa.

Glavu chukua jozi mbili, kwa sababu jozi ya kwanza italoa ukianguka, na utaanguka. Soksi vaa jozi moja nene ya sufu, si jozi mbili: soksi mbili hubana mguu, damu haifiki vidoleni, na mtu anashangaa kwa nini aliyevaa zaidi ndiye anayeganda. Vikinga-theluji vya kufunika kuanzia buti hadi chini ya goti, ambavyo Wajapani huviita supattsu, kwa kawaida hukodishwa.

Kofia ya sufu ifunike masikio. Mwenye rasta au nywele za kusuka achague kofia pana inayovutika, na kitambaa chembamba cha poliesta chini yake, kwani misuko iliyoloa haikauki jioni ile. Anayevaa hijabu avae ya kitambaa cha michezo, ncha zake zote ndani ya koti ili zisinase kwenye mikanda ya mkoba. Miwani ya jua na losheni ya kukinga jua ni lazima hata kwa ngozi nyeusi: theluji mpya hurudisha usoni sehemu kubwa mno ya miale, na midomo ndiyo hupasuka kwanza. Paka mafuta mazito mdomoni na puani kabla ya kutoka.

Vile vipakiti vya joto, kairo, vinavyouzwa kwenye maduka ya yeni 100, hutoa joto kwa sababu unga wa chuma ndani yake hukutana na hewa. Ndiyo maana kairo ya mkononi ikitiwa ndani ya buti hupoa: hewa haitoshi. Ipo aina yake ya miguuni. Usiibandike kwenye ngozi tupu, maana huunguza polepole bila wewe kuhisi.

Mguu unavyokwenda

Kiatu cha theluji cha kisasa ni fremu ya aluminiamu au plastiki ngumu, chini yake meno ya chuma, juu yake mikanda ya kushika buti. Kisigino hakifungwi, kiatu huning'inia kwenye vidole na mkia wake huburuzika. Wazee wa vijijini walitumia kanjiki, duara la mbao zilizopindwa na kufungwa kamba, na baadhi ya waongozaji bado watakupa ujaribu.

Vaa ukiwa umesimama mahali tambarare. Kung'uta theluji chini ya buti kwanza, la sivyo itageuka barafu na mkanda utalegea njiani. Kidole cha buti kisipite uwazi ulio mbele, maana kikigonga fremu hutaweza kuinua mguu. Vifungo vielekee nje, kulia na kushoto, ili visigongane. Kaza mkanda wa kisigino mwisho, tembea hatua ishirini, kisha kaza tena. Wengi huruka hatua hii ya pili, na ndio hao husimamisha kundi zima baada ya robo saa.

Tanua miguu kidogo kuliko kawaida. Ukijikanyaga mwenyewe, utaanguka mbele kifudifudi. Kurudi nyuma hakuwezekani, kwa kuwa mkia wa kiatu huchoma theluji na kukutupa chali; geuka kwa hatua ndogo za duara. Kupanda, piga ncha ya kiatu ndani ya theluji meno yashike. Kushuka, kunja magoti na uweke uzito katikati ya nyayo, usiegemee nyuma. Fimbo ziwe na sahani pana chini, na urefu wake ufanye kiwiko kikae pembe mraba kwenye tambarare.

Ukianguka kwenye theluji laini, usisukume kwa kiganja: mkono utazama hadi begani. Laza fimbo zote mbili zikiwa zimepishana juu ya theluji, zisukume hizo, piga goti, simama.

Njia ya kawaida hupita msitu wa bustani ya mimea hadi Zuishinmon, lango jekundu la paa la nyasi lililo karibu nusu ya njia ya kwenda Okusha, hekalu la juu. Toka hapo miti ya sugi, mierezi ya Kijapani, yenye umri wa zaidi ya miaka 400 imesimama safu mbili. Wengi hugeuka hapohapo au huelekea bwawa la Kagami-ike. Usimlaumu mwongozaji kwa kutokupeleka Okusha. Huduma za hekalu husimama wakati wa baridi, na mteremko wa juu yake una hatari ya maporomoko ya theluji.

Kaa mbali na mashina ya miti mikubwa, kwani chini ya matawi theluji huacha uwazi, na shimo lake halionekani. Kijijini, usisimame chini ya paa kupiga picha. Theluji ya paa la Kijapani hushuka yote kwa mkupuo na huua watu kila mwaka. Juu ya bwawa lililoganda usikanyage kabla ya mwongozaji.

Ganzi ya vidole, pua au masikio itaje mara moja. Vitabu vya huduma ya kwanza husema ngozi hubadilika kuwa nyekundu au nyeupe. Kwa ngozi yetu tazama rangi ya kijivu, kama majivu, na ugumu unapobonyeza. Pasha kwa kwapa au pumzi, usisugue. “Yubi no kankaku ga nai” maana yake vidole havihisi, na mwongozaji atasimama papo hapo.

Simu iweke mfuko wa ndani, maana betri huzima kwenye baridi. Chupa ya chai ya moto ya nusu lita inatosha. Choo nenda kabla ya kuvaa chochote, kwa sababu vyoo vingi vya njiani hufungwa msimu huu.

Mezani

Kabla ya yote: soba, tambi za unga wa buckwheat, ni mojawapo ya vyakula vinavyosababisha mzio mkali Japani, na wengi wetu hatujawahi kuigusa utotoni, kwa hiyo hatujui miili yetu. Onja kidogo mjini wiki moja kabla, mahali penye hospitali karibu. Mwenye mzio asiagize hata udon, tambi za ngano, kwenye mgahawa wa soba, kwani mara nyingi huchemshwa sufuria moja. “Soba arerugii ga arimasu.”

Soba ya Togakushi huletwa baridi juu ya ungo wa mianzi, imefungwa mafungu madogo, kwa kawaida matano, bila kukaushwa maji sana. Chovya nusu ya fungu tu kwenye mchuzi na uvute kwa sauti. Hapa hiyo si utovu wa adabu. Mwishoni wataleta maji ya moto yaliyochemshia tambi, uyamwage kwenye mchuzi uliobaki, unywe. Ndiyo supu yake. Mchuzi wenyewe hutengenezwa kwa samaki mkavu, soya na mara nyingi mirin. Asiyetumia kilevi aombe chumvi badala yake, au aje na chupa yake ndogo ya soya ya halali, na aombe ruhusa kwanza.

Ukiona sobagaki kwenye orodha, agiza: ni unga wa soba uliosongwa kwa maji ya moto, ugali kasoro mwiko. Oyaki, maandazi ya Nagano yenye mboga ndani, yanafaa kubebwa mkobani. Ya boga na ya maharage matamu ndiyo salama zaidi. Ya nozawana, majani yaliyotiwa chumvi, huweza kukaangwa na mchuzi wa samaki. Supu za miso za mlimani mara nyingi zina nguruwe. Amazake, kinywaji kitamu cha moto wanachokupa mkiwa mnatetemeka, ina aina mbili: ya koji (kuvu ya mchele) haina pombe, ya sakekasu (masimbi ya sake) inayo. Uliza “Koji desu ka?” kabla ya kupokea, hasa ukiwa na watoto.

Kurudi

Onsen, bafu la maji moto ya chemchemi, ya baada ya matembezi huogwa uchi, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Asiyetaka aulize bafu la kukodi la faragha, kashikiri, ambalo pia huwafaa wenye tatuu. Nguo za ndani za kubadili zifunge kwenye mfuko wa plastiki, maana ulizovaa zitakuwa na unyevu hata kama huuhisi.

Kutoka Tokyo, Shinkansen hufika Nagano kwa takriban saa moja na nusu, kama yeni 8,000. Basi la barabara kuu ni nafuu zaidi lakini theluji hulichelewesha. Toka stesheni ya Nagano hadi Togakushi ni saa moja kwa basi. Lala Nagano usiku wa kwanza ikiwa matembezi yanaanza saa tatu asubuhi, kwa sababu mwongozaji hatamsubiri mtu mmoja huku wengine wakiganda. Kadi ya ukaazi iwe mfukoni, ni sheria kuibeba. Na ukishuka kwenye basi asubuhi, piga picha ya ratiba ya kurudi pale kituoni. Mabasi ya jioni ni machache.