Kupanga likizo ya Ladakh hatua kwa hatua: anza na mwinuko wa mahali utakapolala

Wengi wanaoniomba niwapangie Ladakh huja na orodha tayari: ziwa Pangong, ngamia wa nundu mbili wa bonde la Nubra, barabara ya Khardung La, monasteri ya Thiksey. Karibu vyote vinaingia ndani ya siku 10. Mimi huanza na swali jingine: kila usiku utalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Ukishajibu hilo, orodha inajipanga yenyewe. Ukiliruka, unaweza kufika Pangong siku ya pili ukiwa na kichwa kinachopasuka na usione chochote cha lile ziwa.

Ladakh iko kaskazini kabisa mwa India, kati ya Himalaya na Karakoram. Tangu tarehe 31 Oktoba 2019 ni eneo linalosimamiwa moja kwa moja na serikali kuu ya Delhi. Mji wake mkuu, Leh, uko takriban mita 3,500. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu afikirie kibanda cha Horombo, mita 3,720. Pale Horombo mtu hufika siku ya pili kwa miguu, huku mwongozaji akimwambia pole pole kila baada ya hatua chache. Leh unafikishwa na ndege kutoka Delhi, ambako ni kama mita 200 tu, kwa muda usiofika saa mbili.

Hatua ya 1: Onana na daktari kabla ya kununua tiketi

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende Leh. Oksijeni ikipungua, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa. Hata mwenye kurithi kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani haumwi kitu, anaweza kuharibikiwa bandama akiwa juu. Kama hujui hali yako, pima. Ni kipimo cha damu cha kawaida. Ukishajua kwamba unacho kinasaba hicho, zungumza na daktari kabla ya kuamua, na ukienda, maumivu makali chini ya mbavu za kushoto yakupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Wengine wa kumwona daktari ni wenye ugonjwa wa moyo au mapafu, wajawazito, na wenye shinikizo la damu lisilotulia.

Mwulize pia kuhusu Diamox, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko. Dozi ya kawaida ya kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakojosha, na vidole huchoma kama vimelaliwa. Iko katika jamii ya salfa, kwa hiyo kama Septrin au Fansidar iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, sema mapema.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, nachagua kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Barabara za juu huwa wazi, mchana wa Leh ni nyuzi 20 na zaidi kidogo, na usiku unataka sweta. Himalaya inazuia sehemu kubwa ya mvua za masika ya India, kwa hiyo Julai na Agosti, wakati majimbo ya Himachal na Uttarakhand yanalowa, Ladakh ni kavu. Kwa mwaka mzima Leh hupata mvua ya takriban milimita 100 tu.

Ukavu huo usikufanye uzembee. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010 mvua kubwa ya ghafla iliangusha tope juu ya Leh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 200 walikufa. Ardhi ile haina majani wala mizizi ya kushika udongo. Dereva akisema mto umejaa na msubiri, subirini.

Mimi naupenda zaidi Septemba: anga safi, shayiri imekomaa, watalii wamepungua. Anayetaka aprikoti mbichi kutoka mtini aende kati ya Julai na Agosti.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kuingilia

Njia ni tatu. Ndege kutoka Delhi ni ya haraka, na ndiyo inayoushtua mwili zaidi. Barabara ya kutoka mji wa Manali, Himachal, ina mandhari ya kukata pumzi. Tangu Oktoba 2020 imerahisishwa na handaki la Atal, lenye urefu wa kilomita 9, linalopita chini ya mlima wa Rohtang. Ila wengi wanaoipita hulala Sarchu, karibu mita 4,300, kabla mwili haujazoea chochote, na kisha huvuka njia ya mlimani ya Tanglang La ("La" ni mahali pa kuvukia mlima) yenye zaidi ya mita 5,300. Kama njia ya kuingilia Ladakh, barabara hii siipendekezi kwa mtu yeyote.

Barabara ya kutoka Srinagar, mji wa Kashmir, ndiyo inayopanda kwa adabu. Srinagar ni kama mita 1,600, Kargil karibu 2,700, halafu Lamayuru au Alchi, kisha Leh. Kasoro yake ni siku mbili au tatu za ziada, na hali ya usalama Kashmir ambayo lazima uiangalie karibu na tarehe zako. Ukiwa na muda na hali ni tulivu, ingia kwa Srinagar na utoke kwa ndege.

Mwenye siku chache atapanda ndege, na hilo linawezekana vizuri kwa masharti ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Andika safu ya mwinuko

Chukua karatasi. Upande wa kushoto andika usiku wa kwanza hadi wa mwisho, upande wa kulia mita za mahali utakapolala. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na siku ya kutopanda. Anayeruka moja kwa moja hadi Leh amekwisha kuivunja kanuni, kwa hiyo anailipa kwa siku za kutulia.

Usiku wa 1, 2 na 3: Leh, 3,500. Siku ya kwanza usifanye kitu. Fika, kunywa chai, lala, tembea hadi mlangoni na urudi. Wenye afya nzuri, hasa vijana wa mazoezi, ndio wanaonisumbua hapa, maana saa za mwanzo mwili unajisikia vizuri na maumivu huja usiku. Pombe na dawa za usingizi ziache kabisa. Siku ya pili tembea sokoni taratibu. Alasiri panda hadi kasri la Leh, jengo la ghorofa tisa la karne ya 17. Siku ya tatu chukua gari kando ya mto Indus, uone Shey, Thiksey na Hemis. Ukiweza fika Thiksey alfajiri, watawa wakiwa kwenye sala, ukae pembeni kimya, viatu nje.

Usiku wa 4, 5 na 6: Nubra, takriban 3,100. Kufika huko unavuka Khardung La. Usihangaike na mabango yanayodai futi 18,380. Vipimo vya kisasa vinatoa mita 5,359, na bado oksijeni pale ni kama nusu ya ile ya pwani. Piga picha, kaa dakika 10 au 15, shuka. Uzuri ni kwamba unavuka juu lakini unalala chini kuliko Leh, na mwili unapata nafuu. Lala Hunder au Diskit, kisha tenga siku nzima kwa Turtuk, kijiji cha Wabalti Waislamu ambacho hadi vita vya 1971 kilikuwa upande wa Pakistan. Maji yanapita kwenye mifereji ya mawe katikati ya nyumba na aprikoti zinaanikwa juu ya mapaa. Watu hukimbilia ngamia wa Hunder na kuiacha Turtuk. Mimi ningefanya kinyume.

Usiku wa 7: Pangong, karibu 4,300. Hii ni mita 800 juu ya Leh, ndiyo maana naiweka baada ya usiku sita, tena usiku mmoja tu. Kutoka Nubra fuata barabara ya bonde la Shyok. Ukiwa Pangong, uliza dereva atalala wapi na hakikisha gari halirudi mjini, kwa sababu mtu akizidiwa usiku ni lazima kushuka. Na hapa jiografia ina mtego: barabara fupi ya kurudi Leh inapanda kwanza hadi Chang La, zaidi ya mita 5,300, kabla ya kuteremka. Mgonjwa ashushwe kwanza Tangtse, karibu mita 3,900, au arudishwe kwa bonde la Shyok, ambalo halina mlima wa kuvuka. Mpange jambo hili na dereva mchana, kabla hamjahitaji.

Usiku wa 8 na 9: Leh tena. Sasa ndipo utaufurahia mji, maana ngazi zilizokutoa jasho juzi unazipanda ukizungumza.

Ukiwa na siku zaidi, usiongeze ziwa la pili. Tso Moriri ni zuri, lakini Korzok, kijiji chake, kiko juu ya mita 4,500. Siku mbili Alchi, penye picha za ukutani za kale za Kibudha na mwinuko wa takriban 3,100, zitakupa zaidi.

Hatua ya 5: Jifunze dalili, na msafiri mwenzako azijue

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa vipande vipande ni dalili za mwanzo. Zikitokea, hupandi tena mpaka ziishe. Zikizidi, unashuka.

Dalili za hatari ni mbili. Ya kwanza ni kuyumba: mwambie mwenzako atembee kwenye mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, au akizungumza ovyo, ubongo unavimba. Ya pili ni kuhema akiwa amekaa, pamoja na kikohozi. Mapafu yanajaa maji. Yote mawili huua, na tiba ni kushuka mara moja, usiku uwe usiku, pamoja na oksijeni. Leh kuna hospitali ya serikali, SNM, iliyozoea wagonjwa wa namna hii.

Hatua ya 6: Karatasi

Wakenya na Watanzania wanaomba viza ya India ya mtandaoni. Ingia tovuti ya serikali yenyewe, maana za mawakala zinazofanana nayo ni nyingi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Anayetoka nchi iliyo kwenye orodha ya India ya homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, asipokuwa nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Nubra, Pangong na Tso Moriri ziko karibu na mipaka, na mgeni wa nje anahitaji kibali. Kinatolewa kupitia wakala wa safari aliyesajiliwa Leh, kwa kundi la watu wasiopungua wawili; aliye peke yake wakala humuunganisha na wengine. Toa nakala nyingi, maana vizuizi njiani huchukua moja moja. Barabara nyingine za mpakani unazoziona kwenye video za watalii wa Kihindi hazijafunguliwa kwa wageni wa nje, kwa hiyo mpe wakala majina ya vijiji vyote unavyotaka na upate jibu la maandishi kabla hujalipa.

Simu ya satelaiti iache nyumbani. India inakamata watu kwa sababu ya simu hizo.

Hatua ya 7: Gari, pesa, simu, mkoba

Madereva wa Leh wana chama chao na bei zinachapishwa kila mwaka, kwa hiyo usipoteze nguvu kubishana sana. Tafuteni watu wanne mgawane. Gari la kukodi kutoka Manali au Delhi haliruhusiwi kukutembeza ndani ya Ladakh, litakushusha tu.

Toa fedha taslimu Leh kabla ya kwenda mabondeni. Laini ya simu ya kulipia kabla uliyonunua Delhi haitafanya kazi Ladakh. Nunua nyingine Leh. Wanafunzi wetu walioko India wenye laini za kulipa mwisho wa mwezi hawana shida hiyo.

Bebeni mafuta ya kuzuia jua na ya midomo. Ngozi nyeusi nayo huungua kule, hasa puani na masikioni. Miwani ya jua, koti zito la usiku wa Pangong, na chupa ya maji ya kujazia.

Chakula cha halali kipo: Leh ina Waislamu na msikiti mkuu wa karne ya 17 katikati ya soko, na Kargil wengi ni Waislamu wa Kishia. Supu ya tambi iitwayo thukpa hukaa tumboni vizuri siku za mwanzo, hamu ya kula ikiwa ndogo.

Hatua ya 8: Lipa kwa mpangilio huu

Viza kwanza. Kisha tiketi ya kimataifa, halafu ndege ya Delhi hadi Leh, ukichagua ya asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza. Usiku wa kwanza wa Leh na gari la kukupokea lipia mapema. Pangong usilipie mpaka umefika Leh na umeona mwili wako unavyokwenda. Bima iangalie maandishi madogo: nyingi zinakomea mwinuko fulani, na wewe unahitaji inayotaja zaidi ya mita 5,000 na uokoaji wa helikopta. Mwisho, kati ya ndege ya kutoka Leh na ile ya kurudi nyumbani acha usiku mmoja mzima Delhi, kwa sababu wingu likikaa juu ya Leh ndege haziruki, na kesho yake mnagombea viti pamoja na abiria wa jana.