Muda wa mita 100 penye kusi: namna ya kuupima na kuusoma

Mwalimu mwenzangu wa Nachingwea alinitumia matokeo ya mwanafunzi wake wa mita 100: 12.4 alipokimbia Mtwara mjini, 13.1 aliporudi shuleni kwao, siku chache tu katikati. Akauliza, "Mwalimu, nimuamini yupi?" Nikamjibu waamini wote wawili, ila usiwalinganishe kwanza. Maelezo niliyompa kwenye simu ndiyo haya, nimeyapanga kwa ajili ya walimu wengine wanaoandaa vijana wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari). Mashindano hayo kwa kawaida huangukia Juni, na Juni huku Mtwara na Lindi ni kusi, upepo wa kutoka kusini, mtindo mmoja.

Tuanze na muda mmoja tu wa mita 100, sekunde 9.69. Usain Bolt aliikimbia Beijing mwaka 2008, upepo 0.0. Yohan Blake akaikimbia Lausanne mwaka 2012, upepo wa usoni kidogo, -0.1. Obadele Thompson alikuwa ameshaikimbia El Paso mwaka 1996, lakini akiwa na +5.7 mgongoni, na Andre De Grasse akaipata Stockholm mwaka 2017 kwa +4.8. Bolt na Blake wamo kwenye orodha za rekodi, hao wengine hawamo, kwa sababu mwisho wa upepo wa mgongoni unaokubalika ni mita 2.0 kwa sekunde. Ukiondoa upepo kwa hesabu nitakayoonyesha chini, zile mbio za Thompson na De Grasse zinarudi kwenye 9.90 hivi.

Hatua ya 1: Chagua saa

Majaribio yafanyeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo jua linapasha nchi kavu, upepo wa bahari unaingia juu ya kusi, na mchana hakuna tena cha kupima isipokuwa vumbi. Waalikwa wakitaka kuja saa kumi jioni, waje waone fainali ya mpira.

Hatua ya 2: Kagua uwanja

Kupima mita 100 kwa tepu ya chuma na kuchora njia kwa chokaa sielezi, kila mwalimu wa michezo anajua. Ninachosisitiza ni mteremko. Kanuni inaruhusu uwanja ushuke kwa 1 kwa 1000 kuelekea unakokimbilia, maana yake sentimita 10 kwa mita 100. Mwite fundi mwashi aje na mpira wake wa maji, ule mwangavu wa kupimia levo, mpime kipande kwa kipande. Viwanja vingi vya shule vimeinama kuliko vinavyoonekana kwa macho, na kijana anayekimbia kuteremka anakudanganya kabla hata upepo haujaanza.

Kuhusu mchanga na nyasi, sitakupa namba ya kuongeza au kupunguza. Haipo ya kuaminika. Mchanga mkavu unakula nguvu ya kila hatua. Mchanga uleule ukinyeshewa mvua nyepesi usiku unashikana, na asubuhi unakuwa na kasi kuliko jana. Njia ya kwanza huchimbika mapema kwa sababu wa mbio ndefu wote wanapita hapo, hivyo usimpangie humo mkimbiaji unayetaka kumpima. Hata wakubwa waliishi na jambo hili: Jesse Owens alikimbia 10.3 Berlin mwaka 1936 kwenye uwanja wa majivu ya makaa, na Olimpiki ya kwanza kukimbiwa kwenye tartani, ule uwanja wa mpira wa kutengenezwa, ilikuwa ya Mexico mwaka 1968. Linganisha nyasi kwa nyasi, mchanga kwa mchanga, basi.

Hatua ya 3: Pima upepo

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo nisameheni nitarefusha.

Kwanza, achaneni na upepo wa kwenye simu. Ule wa hali ya hewa hupimwa kwenye mlingoti wa mita 10, mahali pa wazi, na mara nyingi unaandikwa kwa kilomita kwa saa. Ukiutaka kwa mita kwa sekunde gawanya kwa 3.6, lakini hata ukigawa vizuri bado si upepo wa uwanjani kwako, ambako kuna ukuta wa madarasa na mstari wa mikorosho.

Nunueni kipimaupepo cha mkononi, kile cha feni ndogo. Cha vikombe vinavyozunguka sikipendi kwa kazi hii: vikombe vinazunguka upepo ukitoka popote, wakati sisi tunataka sehemu ya upepo inayofuata mstari wa mbio tu. Upepo unaokatiza uwanja moja kwa moja kutoka ubavuni unahesabika sifuri. Unaokuja kwa pembe ya nyuzi 60 na mstari wa mbio unahesabika nusu yake.

Kwa hiyo feni ielekee mstari wa kumalizia, na ibaki hivyo. Kila ninayemkabidhi kifaa hiki anafanya jambo lilelile: anakizungusha mkononi kukitafutia upepo, mpaka namba inapopanda, halafu anafurahi. Hapo umepima upepo wa Mtwara, hujapima upepo wa mbio. Kifungeni kwenye stendi ya kamera ili mkono usipate kishawishi.

Mahali pake ni mita 50 kabla ya mstari wa kumalizia, upande wa njia ya kwanza, si zaidi ya mita 2 kutoka ukingo wa njia, kimo cha mita 1.22. Msomaji asimame ubavuni mwa kifaa. Akisimama nyuma au mbele yake, mwili wake ni ukuta.

Muda wa kupima mita 100 ni sekunde 10, kuanzia moshi wa bastola. Kwa viunzi vya mita 100 na 110 ni sekunde 13. Kama kifaa chako hakitoi wastani chenyewe, rekodi kioo chake kwa video ya simu, kisha andika namba ya kila sekunde. Feni nyingi hazijui mbele na nyuma, kwa hiyo funga juu ya stendi kipande cha utepe wa kaseti ya zamani, nao uonekane kwenye video. Utepe ukilalia kwenye kumalizia andika kuongeza, ukirudi kwenye kuanzia andika kutoa.

Huu ni mfano wa asubuhi moja ya kusi la kupuliza na kuacha: 3.1, 2.8, 2.2, 1.9, 0.7, 0.4, -0.3, 0.9, 2.4, 3.0. Jumla 17.1, wastani 1.71. Kanuni inapandisha kwenda sehemu ya kumi ya juu, kwa hiyo unaandika +1.8. Mbio halali. Aliyechungulia kifaa sekunde ya kwanza tu angezifuta. Angalia pia upande wa kutoa: -2.03 inapanda kuwa -2.0, haishuki kuwa -2.1.

Ukikosa kifaa kabisa, tumia macho. Upepo unaousikia usoni na majani yanachezacheza ni kati ya 1.6 na 3.3. Bendera nyepesi ikinyooka umeshavuka 3.4. Vumbi na karatasi zikiinuka ni 5.5 kwenda juu, na kama vumbi hilo linaelekea kwenye kumalizia, pumzisheni vijana.

Na hata ukiwa na kifaa, kikionyesha sifuri wakati bendera zimenyooka, kikague. Mbio za Florence Griffith-Joyner za 10.49, Indianapolis mwaka 1988, zimeandikwa upepo 0.0, ilhali kipimo cha miruko mitatu kwenye uwanja uleule kilikuwa kinasoma 4.3. Rekodi ipo hadi leo, ubishi nao upo.

Hatua ya 4: Piga saa

Bonyeza kwa moshi, usisubiri mlio. Sauti inachukua karibu sekunde 0.29 kufika mita 100. Filimbi haina moshi, iacheni kwa refa wa mpira. Mkikosa bastola tumieni vibao viwili vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe, mpiga saa atazame vinavyogongana. Muda wa mkono unapandishwa pia: 12.61 inaandikwa 12.7. Ukitaka kuulinganisha na wa umeme, ongeza 0.24.

Hatua ya 5: Ondoa upepo

Mwanafizikia J. R. Mureika ana kanuni nzuri ya mita 100. Kwa sisi wa usawa wa bahari inakuwa hivi: zidisha upepo kwa muda, gawanya kwa 100, toa jibu kwenye 1, kinachobaki kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.03. Hiyo itoe kwenye 1.03, na unachopata zidisha kwa muda wa mkimbiaji. Ilitengenezwa kwa wakimbiaji wa juu, kwa watoto ichukulie kama makadirio.

Kijana wa 12.50 mwenye +2.5 anatoka na 12.70. Mwenye 12.50 akipambana na -2.5 anatoka na 12.23. Unaona upepo wa usoni unavyoiba zaidi (0.27) kuliko wa mgongoni unavyogawa (0.20)? Ndiyo maana kukimbiza mara mbili, kwenda na kurudi, halafu kuchukua wastani hakuondoi upepo, ingawa makocha wengi wanakipenda kile kitendo.

Hatua ya 6: Mita 200, na namna ya kuandika

Kwa mita 200 upepo unapimwa sekunde 10 kuanzia mkimbiaji wa kwanza anapoingia kwenye mnyoofu. Kona haipimwi. Mtu anaweza kuandikiwa -0.5 akiwa alisukumwa kona nzima, kwa hiyo namba ya 200 naiheshimu kwa kiasi. Mita 400 na kuendelea haziandikiwi upepo kabisa: Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974, hakuna aliyeuliza kusi wala kaskazi.

Kwenye daftari andika hivi: 12.7 mkono, +1.8, nyasi kavu, saa 1:40 asubuhi, jina la uwanja. Uwanja ukiwa juu ya mita 1000, kama Arusha, ongeza herufi A, maana hewa nyepesi ya huko nayo inapunguza muda kidogo.